Kutoka Chaki Hadi Chuma: Keith Haring Alipogeukia Sanamu

Kila aliyesoma shule zetu za msingi anaijua tabia ya chaki. Mwalimu anaandika, darasa linanakili, kengele inalia, kisha mtoto wa zamu anashika dasta na somo zima linageuka vumbi jeupe mikononi mwake na kwenye kola ya shati. Hakuna anayelalamika, maana chaki haikumwahidi mtu kwamba itakaa.

Naanzia kwenye chaki kwa sababu habari ya Keith Haring haieleweki bila hiyo. Huyu ni Mmarekani aliyejijengea jina kwa kuchora kwa chaki nyeupe kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi vya New York, bila ruhusa na bila malipo. Mwaka 1985 akaingiza sanamu za chuma, zilizochomelewa na kupakwa rangi kali, kwenye galari ya Leo Castelli, mfanyabiashara wa sanaa aliyewauza akina Jasper Johns na Roy Lichtenstein. Safari hiyo husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema kijana alipanda daraja, akatoka shimoni akaingia kwenye mwanga. Wapo wanaosema alijiuza, akawaacha abiria wa treni akawafuata matajiri. Nimezifikiria simulizi hizi kwa muda mrefu na naona zote mbili zinaruka jambo la maana zaidi, nalo ni muda: kazi inakaa kwa siku ngapi, na inapokaa, inakaa mikononi mwa nani.

Haring alizaliwa tarehe 4 Mei 1958 huko Reading, Pennsylvania, akakulia mji mdogo wa Kutztown. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa kuchora katuni, na ndiye aliyemshikisha mwanawe kalamu. Mwaka 1978 kijana alihamia New York kusoma kwenye School of Visual Arts. Wakati huo mabehewa ya treni za jiji yalikuwa yamefunikwa na grafiti za vijana, ndani na nje, na Haring aliwastahi mno waandishi wale. Ila hakutaka kuwaiga. Alikuwa akitafuta mahali pake.

Mahali hapo alipapata mwishoni mwa mwaka 1980 kwenye kituo cha Times Square. Kwenye kuta za vituo kulikuwa na fremu za matangazo ya biashara. Muda wa tangazo ulipokwisha na mteja mwingine hajapatikana, wafanyakazi walibandika karatasi nyeusi juu yake ili fremu isionekane imetelekezwa. Haring aliiona karatasi moja ya namna hiyo, akapanda juu barabarani, akanunua boksi la chaki, akashuka tena na kuchora. Kuanzia siku hiyo hadi mwaka 1985 alichora mamia kwa mamia ya michoro ya aina hiyo, na zilikuwepo siku alizofikisha hata 40.

Tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa kila kilichokuja baadaye kwenye chuma kimetokana na masharti ya chaki. Karatasi ile ilikuwa laini na nyeusi ti, kwa hiyo mstari mweupe ulishika mara moja na haukufutika bila kuacha doa. Maana yake hapakuwa na kusahihisha. Treni iliweza kufika wakati wowote, na askari vilevile, kwa hiyo mchoro ulipaswa kwisha ndani ya dakika chache. Nyuma yake walisimama watu: mama mwenye mifuko, mwanafunzi, mtu wa zamu ya usiku, wakiuliza kuna maana gani hapo. Msanii aliye kwenye hali hiyo hawezi kuchora kivuli wala kupapasa. Anabaki na mstari mmoja mnene, wenye upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, unaofunga umbo kama uzio unavyofunga shamba. Mtoto anayetambaa akitoa miale, mbwa anayebweka, chombo kinachopaa angani, televisheni, watu waliobebana. Anayesoma na asiyesoma wote walielewa wanachokitazama.

Kisha tangazo jipya lilikuja, gundi ikapakwa, mchoro ukazikwa. Tunazo kumbukumbu za michoro mingi kwa sababu ya rafiki yake, mpiga picha Tseng Kwong Chi, mzaliwa wa Hong Kong, ambaye Haring alikuwa akimwambia leo nimepita vituo fulani na fulani, naye anaingia kwenye treni na kamera yake kabla ya gundi kufika. Mimi namhesabu Tseng kuwa nusu ya kazi hiyo. Bila yeye tungekuwa na hadithi tu.

Mwaka 1982 Haring alifanya onyesho lake kubwa la kwanza la peke yake kwenye galari ya Tony Shafrazi. (Shafrazi huyo, kabla ya kuwa mfanyabiashara wa sanaa, ndiye aliyekamatwa mwaka 1974 kwa kupulizia rangi nyekundu mchoro wa Picasso, Guernica, ulipokuwa kwenye jumba la makumbusho la MoMA. Mtu aliyewahi kuandika juu ya kazi ya mwenzake akawa mlezi wa kizazi cha waandishi wa kuta. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi jinsi milango ya sanaa inavyofunguka.) Baada ya onyesho hilo jina lilipaa na bei zikapaa nalo. Hapo likatokea jambo ambalo wanaomshutumu Haring kwa kuuacha mtaa hawalitaji. Watu walianza kushuka vituoni na visu, wakikata karatasi nyeusi kutoka kwenye fremu na kuzipeleka kuuzwa. Mchoro uliokusudiwa wapita njia elfu kadhaa ulikuwa unatoweka saa chache baada ya kuchorwa, ukaishia kwenye sebule ya mtu mmoja. Haring aliacha kuchora vituoni kwa sababu hiyo.

Tafadhali msomaji, pima mpangilio wa matukio. Soko liliifuata chaki shimoni. Kabla chuma hakijawekwa kwenye sakafu ya Castelli, mtaa wa Haring ulikuwa umeshang'olewa ukutani kipande kwa kipande, na aliyeung'oa si yeye. Kusema aliuacha ni kama kumlaumu mvuvi kwa kuihama pwani iliyokwisha kuwekewa ukuta na mwenye hoteli.

Sasa tuje kwenye chuma. Shafrazi ndiye aliyekuwa akimhimiza atoe alama zake kwenye ubapa wa karatasi azisimamishe kwenye ardhi. Kazi ilifanyika kwenye karakana ya Lippincott, North Haven, Connecticut, mahali ambapo wasanii wakubwa wa Marekani walikuwa wakipeleka kazi zao za chuma, akiwemo Barnett Newman na Claes Oldenburg. Kwa anayefahamu karakana zetu za kuchomelea mageti, hatua za kazi hazina muujiza: umbo linakatwa kwenye bamba nene, vipande vinapitishwa ndani ya vipande vingine au vinakunjwa ili visimame vyenyewe, maungio yanachomelewa na kusuguliwa, kisha inapigwa rangi. Nyekundu, njano, buluu, kijani. Rangi za mtoto wa chekechea.

Zilipowekwa kwenye galari mwezi Oktoba 1985, zilikuwa ni watu na mbwa walewale wa vituoni, sasa wana uzito. Yapo mambo mawili yaliyobadilika ambayo mimi nayaona ya msingi. La kwanza, mstari umegeuka ukingo. Kwenye karatasi, chaki ilikuwa inagawa ndani na nje ya umbo, lakini vyote viwili vilikuwa weusi mmoja. Kwenye chuma, ndani ni bamba na nje ni hewa. Ule mstari mnene hauonekani tena, umekuwa mahali ambapo moto wa kukatia ulipita. La pili, umbo limepata mgongo. Unaweza kulizunguka, na ukifika ubavuni, yule mtu mzima aliyekuwa anacheza kwa mikono iliyotanuliwa anageuka ufito mwembamba wa rangi, nusura apotee. Ukipiga hatua mbili zaidi anarudi tena.

Anayezipima sanamu hizi kwa kipimo cha Rodin, mchongaji wa Kifaransa, atasema ni bapa, hazina nyama, ni michoro iliyosimamishwa. Ni kweli kabisa, na huo ndio ubora wake. Angeweza kuwapa watu wake misuli na matumbo ya mviringo, akaonekana mchongaji mkomavu. Alikataa. Alibeba sheria ya chaki, yaani mstari mmoja usio na kivuli, akaitii ndani ya nyenzo ambayo haikumlazimisha kuitii. Wasanii wengi wa mtaani wanaoingia galari hufanya kinyume: hubeba sura ya mtaani, vidoa vya rangi na vipande vya ukuta uliobomoka, huku nidhamu iliyozaa sura ile wameiacha nje ya mlango. Matokeo yake ni mapambo.

Haring mwenyewe aliwahi kueleza kilichomvuta kwenye chuma, na maelezo yake yananigusa kila ninapoyakumbuka. Alisema kwamba mchoro kwa kiasi fulani ni mazingaombwe, lakini chuma ni kitu halisi. Kikikuangukia kinaweza kukuua, hakiungui, na kitaendelea kuwepo muda mrefu baada ya yeye kuondoka. Haya ni maneno ya mtu ambaye hakuwa hata na miaka 35. Katika New York ya miaka ile UKIMWI ulikuwa ukiwachukua marafiki zake mmoja baada ya mwingine, na yeye, aliyependa wanaume wala hakujificha, alijua vizuri amesimama wapi. Majibu ya vipimo vyake mwenyewe aliyapata mwaka 1988, miaka mitatu baada ya Castelli, kwa hiyo sitaki kudai kwamba sanamu za kwanza zilikuwa wosia. Ila mtu aliyezoea kuona kazi yake ikizikwa na tangazo la sigara kila juma, na sasa anazika na marafiki, ana haki ya kutaka kitu kisichozikika.

Na chuma kile hakukitaka kiogopwe. Alitamani watoto wazipande sanamu zake, wakae kwenye migongo ya mbwa, waning'inie kwenye mikono ya wachezaji. Fikiria tofauti na kawaida ya galari, ambako mlinzi anakohoa ukisogeza pua karibu na turubai. Rangi zile za chekechea zina kazi yake: zinamwambia mtoto kwamba hiki ni chako. Mwaka 1987 aliweka sanamu kwenye hospitali ya watoto ya Schneider, nje kidogo ya jiji la New York, na naamini hapo ndipo mahali pake hasa, kuliko sakafu nyeupe ya Castelli.

Hata hivyo lazima niseme kilichopotea, kwa sababu kipo na ni kikubwa. Chaki haikuhitaji ruhusa. Chuma kinaihitaji tangu siku ya kwanza: karakana inataka malipo ya mwanzo, winchi inataka dereva, uwanja una mwenyewe, mwenyewe ana mwanasheria, na mwanasheria anataka bima. Boksi la chaki ni la senti kadhaa. Sanamu ya mita tatu ni gharama ambayo lazima mtu mwingine aibebe, na anayeibeba ana neno la kusema. Mtu aliyekuwa akizungumza na abiria moja kwa moja sasa kati yake na wao wamesimama watu wanne au watano wenye suti. Hilo haliondolewi na nia njema. Kila msanii wa mtaani anayegeukia sanamu analipa ushuru huu, na wengi wanashindwa kuuona kwa sababu unalipwa polepole, kwa kukubali leo rangi fulani, kesho ukubwa fulani, kesho kutwa kimya fulani.

Kinachomwokoa Haring machoni pangu ni kwamba hakuuacha mkono wake usahau. Mwaka 1986, miezi kadhaa baada ya Castelli, alipanda kwenye ukuta wa uwanja wa mpira wa mikono kando ya barabara ya Harlem River Drive akaandika kwa herufi kubwa "Crack is Wack", akilaani dawa ya kulevya iliyokuwa ikiwateketeza vijana wa mitaa ile. Hakuwa na ruhusa. Alikamatwa, akatozwa faini. Baadaye ukuta ulifutwa, kisha wenye mamlaka wakamwomba arudi aupake upya, akarudi. Mtu ambaye kazi zake zinauzwa kwa maelfu anasimama tena na ndoo ya rangi akisubiri askari: hilo halifanywi na aliyehama. Mwaka huohuo alifungua duka la Pop Shop kwenye mtaa wa Lafayette, akiuza fulana na vibandiko kwa bei ya mtu wa kawaida. Wapo waliomcheka kwamba sasa amekuwa mchuuzi. Mimi naliona duka lile ni dada wa chaki: mtu aliyetoka kazini aliweza kwenda nyumbani na mstari wa Haring bila kukata ukuta.

Ili kuona jinsi njia hii inavyoweza kwenda kwingine, mtazame KAWS. Jina lake ni Brian Donnelly, mzaliwa wa Jersey City mwaka 1974, naye alisoma chuo kilekile cha School of Visual Arts. Katika miaka ya 1990 alikuwa akifungua masanduku ya matangazo kwenye vituo vya mabasi na vibanda vya simu kwa ufunguo aliopewa na msanii mwenzake, anachomoa bango, analipeleka nyumbani, anamchorea mwanamitindo fuvu lenye macho ya X au kiumbe anayemzunguka kama nyoka, kisha analirudisha mahali pake kana kwamba halikuguswa. Kazi ile ilikuwa ya ustadi mkubwa na hadi leo naiona ndiyo bora zaidi aliyowahi kuifanya. Ilimkuta mpita njia amelegea, ikamfanya aulize nani anayeongea naye kila siku pale kituoni.

Mwaka 1999 alitoa Japani kikaragosi kidogo cha plastiki, Companion, chenye mwili unaofanana na wa Mickey Mouse na kichwa cha fuvu. Vilitengenezwa 500, vikauzika upesi. Kutoka hapo umbo lile lilikua: likawa la glasi-nyuzi, la shaba, puto la gwaride la duka la Macy's mwaka 2012, kisha boya la kujazwa hewa lenye urefu wa mita 37 lililolazwa juu ya maji ya bandari ya Hong Kong mwaka 2019. Siku chache baadaye, kwenye mnada wa Sotheby's mjini humohumo, mchoro wake mmoja ulinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 14 za Marekani.

Sina kinyongo na pesa yake. Shaka yangu iko kwenye mstari. Haring alipeleka kwenye chuma namna ya kuchora. KAWS alipeleka kwenye shaba nembo. Macho ya X yaliyokuwa yakiharibu tangazo, yakirudiwa kwenye kila kikaragosi na kila fulana, yamekuwa tangazo lenyewe, na sijui nani sasa ana ufunguo wa kulifungua sanduku hilo.

Lakini kuna kazi zake ambazo zinanilazimisha nisimame. Ni sanamu za mbao alizozitengeneza kuanzia mwaka 2013, nyingine zikifika mita 10, zilizosimamishwa mwaka 2016 kwenye nyasi za Yorkshire Sculpture Park nchini Uingereza. Viumbe wale wameinamisha vichwa au wamefunika nyuso kwa viganja, na kwa kuwa ni mbao, mishipa ya mti inapita juu ya miili yao, hakuna wawili wanaofanana. Hapo plastiki imeondoka na huzuni imepata mwili. Mbao yenyewe ni afrormosia. Jina hilo linajulikana kwa wanaofanya biashara ya mbao Kisangani na kwenye misitu ya Kongo, maana mti huo huota katika ukanda wa misitu ya Afrika kuanzia Côte d'Ivoire hadi huko, na tangu mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES kwa kuwa umevunwa kupita kiasi. Naona ni jambo la kulitamka, kwa sababu msanii wa mtaani anapohama kutoka rangi ya kopo kwenda kwenye nyenzo nzito, anaingia pia kwenye historia ya nyenzo hiyo. Chaki haina jamaa. Mti wa miaka mia mbili unao.

Kutaja mbao kunanileta nyumbani, kwa George Lilanga. Wauzaji na waandishi wa sanaa wa Ulaya wamerudia mara nyingi kwamba Haring alichota kwa Lilanga, aliyeonyesha kazi zake Marekani mwaka 1978. Mimi silitegemei dai hilo. Nazitazama kazi zenyewe zikiwa kando kwa kando, nami naona watu wawili waliopita njia moja kutoka ncha mbili tofauti. Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, alianza na patasi. Alijifunza kuchonga kijijini, akaja Dar es Salaam, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa, na huko ndiko mashetani yake, wenye masikio makubwa na midomo iliyochomoza, walipotoka kwenye gogo wakalala kwenye ubao bapa kwa rangi za kung'aa. Alitoka kwenye sanamu akaenda kwenye mstari. Haring alitoka kwenye mstari akaenda kwenye sanamu. Wanapokutana katikati, wana umati uleule: viumbe waliojaa hadi kwenye kingo, kila kiungo kinagusa kiungo cha mwingine, hakuna anayesimama peke yake.

Mchongaji wa Kimakonde anayeifahamu sanamu ya ujamaa, ule mnara wa watu wanaobebana kutoka chini hadi juu ndani ya gogo moja la mpingo, hatashangazwa na sanamu ya Haring ya mwaka 1989 iliyoko San Francisco kwenye kituo cha mikutano cha Moscone, ya watu watatu wanaocheza wakiwa wameshikamana, mmoja mwekundu, mmoja buluu, mmoja njano. Atauliza swali la kiufundi tu: kwa nini huyu alikata bamba wakati angeweza kulifuata gogo? Nami namjibu kwamba hakuwa na gogo. Alikulia kwenye katuni na televisheni, ulimwengu wake ulikuwa bapa tangu mwanzo, akautendea haki ulivyo.

Lilanga hakuwahi kuitwa msaliti kwa kuziuza kazi zake kwa wageni, na nadhani sababu ni kwamba kwetu hatukuwahi kutenganisha kwa ukali hivyo msanii wa nje na msanii wa ndani. Mchongaji wa Mwenge anakaa barabarani anachonga, anauza palepale, na kazi hiyohiyo kesho iko kwenye jumba la makumbusho Ujerumani. Ugomvi wa mtaa na galari tumeuazima. Tulichonacho sisi, na tunapaswa kukijadili kwa uchungu zaidi, ni kwamba kazi ikishatoka hairudi. Lilanga alifariki mwaka 2005, na anayetaka kuona kazi zake nyingi kwa pamoja leo ana nafasi kubwa zaidi kwa mkusanyaji wa Ulaya kuliko kwenye ukuta wowote wa umma wa Dar es Salaam. Kwa upande huu Haring alikuwa na bahati na akili: mwaka 1989, akiwa mgonjwa, alianzisha mfuko wenye jina lake, wa kusaidia watoto na mapambano dhidi ya UKIMWI, na mfuko huo ndio unaotunza kazi zake na kuamua zinaonekana wapi. Mchongaji wetu anapofariki, mara nyingi familia inabaki na vumbi la mpingo na picha mbili tatu zilizofifia.

Januari 1990, wiki chache kabla ya kufa, Haring alifanya kazi yake ya mwisho, nayo ilikuwa sanamu. Alipewa mabamba ya udongo mbichi na kisu cha kukwangulia. Alikata mchoro moja kwa moja kwenye udongo, bila kuuchora kwanza kwa penseli na bila kusahihisha, vilevile alivyokuwa akifanya kwenye karatasi nyeusi kabla treni haijafika. Ni madhabahu ya milango mitatu, Maisha ya Kristo: katikati umbo lenye mikono mingi limembeba mtoto, chini umati umeinua mikono, na matone yanawadondokea kutoka juu, pembeni malaika wanaanguka au wanapaa, sina hakika, na sioni haja ya kuchagua. Udongo ule ulimiminiwa shaba, zikatoka nakala tisa, zikapakwa dhahabu nyeupe. Alifariki tarehe 16 Februari akiwa na miaka 31, hakuziona zimekamilika.

Nakala moja iko kwenye kanisa la Saint-Eustache mjini Paris, kwenye ubavu mmoja wa jengo, mahali ambapo mtu yeyote anaingia bila tiketi. Ukiinamisha kichwa mwanga unaopita kwenye madirisha unateleza kwenye mfereji ulioachwa na kisu, nao ni mwembamba, mweupe, wenye upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho.